Eti "Alikufa Ghafla"! Nani Kakudanganya?

Najua nimekuwa kimya, testi zilitubana si mnajua wenyewe. Leo sina stori ya lekcha wala ya foleni ya mgahawani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya mjusi. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Juzi Jumanne usiku nimeingia chumba cha jirani kuazima pasi. Dirishani nikakuta chupa ya kioo ya siagi ya karanga, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Ndani kuna watoto watatu wa mjusi kafiri, wale wa ukutani, kila mmoja hata urefu wa kidole changu cha mwisho haufiki. Wawili wameshakufa. Nikamuuliza mshkaji vipi tena hawa? Akanijibu huku anachati: "Walikuwa wazima kabisa bwana, wamekufa ghafla tu. Mjusi bwana!"

Ghafla. Pasi nikaisahau palepale.

Nikaichukua ile chupa nikaisogeza kwenye taa. Kwanza dirisha lenyewe linapigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi jioni, na kioo kikifungwa juani kinageuka oveni. Mjusi hana kiyoyozi mwilini, joto lake ni joto la pale alipo. Nyuzi 25 hadi 30 anastarehe, ikikaribia 40 anaanza kufa, na ndani ya chupa hana pa kukimbilia. Pili, maji aliwawekea kwenye kizibo cha soda. Mjusi wa ukutani sio paka! Yeye analamba matone kwenye ukuta na majani, anaweza kukaa pembeni ya kizibo hadi akauke. Tatu, chakula. Jamani, kulikuwa na tonge la ugali! Na mende mmoja, mzima, mkubwa kuliko kichwa cha hao watoto mara tatu, anatembea humo kama mwenye nyumba.

Halafu nikawaangalia marehemu wenyewe. Mikia imekonda kama uzi. Macho yameingia ndani. Ngozi ya ubavuni imekunjamana. Mmoja vidole vya mguu wa nyuma vimefungwa na ngozi kuukuu, imekauka kama pete. Hayo mambo hayatokei usiku mmoja. Hapo kuna wiki mbili za dalili, labda tatu, na chupa ilikuwa nusu mita kutoka kwenye mto wake wa kulalia.

Sasa nasema, na nataka mnipinge kama mnaweza: mtoto wa mjusi anayefugwa ni nadra sana kufa ghafla. Anakufa taratibu, mbele ya macho yako, na wewe ndo unaona ghafla.

Kuna sababu ya sisi kudanganyika. Kiumbe mdogo wa porini akionyesha udhaifu analiwa, kwa hiyo mjusi mgonjwa anajikaza mpaka nguvu inapokwisha. Siku ukimkuta amelala chali sio siku alipougua, ni siku aliposhindwa kuendelea kuficha. Anayefuga inabidi aangalie vitu vidogo, kila siku, kabla ya hapo.

Uanze na mkia. Mkia ndio ghala lake la mafuta, ukiwa mnene kiasi mambo safi, ukianza kukonda hadi mifupa ya kiuno inachomoza, huyo hali, au anakula na hakimsaidii. Halafu macho. Mjusi wa ukutani hana kope za kufumba, anayasafisha kwa ulimi, na yanatakiwa yawe yamejaa na yanang'aa. Yakizama, mwili umeishiwa maji. Kinyesi nacho kisome (acha kukunja uso, sisi ni walimu watarajiwa): cha mzima kina sehemu nyeusi ngumu kidogo na sehemu nyeupe, ile nyeupe ndio mkojo wake. Ile nyeupe ikigeuka njano na kuwa ngumu kama chaki, anataka maji. Kikiwa majimaji, kinanuka vibaya, au mdudu katoka kama alivyoingia, tumbo limeharibika, mara nyingi kwa baridi au minyoo. Ndiyo maana chini unatandika tishu na sio mchanga, uone kila kitu.

Mdomo unatakiwa kufunga sawasawa. Akikaa kaachama, ana mapovu au ute, anavuta pumzi kwa shida, hayo ni mapafu. Ukiona usaha mweupe kama jibini kwenye fizi, huo ni uvimbe wa mdomo na unasambaa. Ukiona nukta nyekundu kwapani na katikati ya vidole, ni utitiri, ndugu wa ule wa kuku wa bibi yako.

Ugonjwa unaowamaliza watoto zaidi ya wote ni ule wa mifupa, na huo niuelezee kidogo kwa sababu hapa hosteli hakuna anayeuamini. Mtoto anakua haraka, anahitaji kalsiamu, na wadudu wana kalsiamu kidogo mno. Asipoipata kwenye chakula, mwili unaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linalegea kama mpira, miguu inapinda, mkia unajikunja zigizaga, vidole vinatetemeka akitembea. Ni yale yale matege tunayoyaona kwa watoto wa binadamu. Na kalsiamu bila vitamini D haifanyi kazi vizuri, na jua linalopita kwenye kioo halisaidii chochote hapo, kioo kinazuia ile mionzi inayotakiwa. Dawa ya kuzuia mwanzoni haina gharama: ganda la yai. Lioshe, likaushe, lisage mpaka liwe laini kama poda, mtie mdudu kwenye mfuko na ile poda, tikisa, ndio umpe. Na huyo mdudu mlishe mchicha au karoti siku moja kabla, maana mjusi anakula kile alichokula mdudu. Lakini miguu ikishapinda hairudi.

Halafu kuna kujivua gamba (hapana, sizungumzii ile ya CCM ya mwaka 2011). Mtoto anabadili ngozi mara kwa mara kwa sababu anakua, na akiwa mzima anaivua na kuila yote. Hewa ikiwa kavu ngozi inakwama vidoleni na kwenye ncha ya mkia, inabana damu isipite, na kidole kinakufa kinaanguka. Mjusi asiye na vidole hapandi ukuta. Fikiria wewe uamke huna nyayo.

Mtaniuliza haya yote nimeyajua lini, mimi mtoto wa Lionja ambaye nyumbani mjusi tulikuwa tunamuona darini na basi. Sasa hapa ndo pagumu. Nilikuwa nataka niishie kumsema jirani, lakini haitakuwa haki.

Mwaka jana BTP nilipangiwa sekondari moja kule kwetu wilaya ya Nachingwea, sitaitaja. Julai, kiangazi, usiku kibaridi na mchana upepo mkavu unaopasua midomo. Nilikuwa na kipindi cha uainishaji wa viumbe, na wote tumefundishwa wimbo mmoja: zana halisi, zana halisi, zana halisi. Nyuma ya ubao mbovu kwenye stoo nikapata mayai mawili meupe, magumu, yamegandana ukutani. Nikayabeba, na ubao wa kando yalipogandia, nikayaweka kwenye boksi. Wiki moja baadaye yakaanguliwa! Shule nzima ilikuja kuangalia. Darasa likawaita Simba na Yanga, na wapenzi wa Namungo wakalalamika kwamba hakuna la tatu.

Kwenye andalio la somo nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Zana: mijusi hai." Mkaguzi alifurahi sana siku hiyo. Kipindi kikaisha. Zana ikabaki mezani.

Nilikuwa nawapa chakula nikikumbuka. Ijumaa nakwenda nyumbani Lionja, narudi Jumapili usiku, siku mbili hizo hakuna aliyewanyunyizia maji. Yule Simba akaanza kupoteza vidole, nikasema labda ndivyo walivyo. Na wiki ya nne hivi, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwenye kipindi changu hata siku moja, alinifuata mlangoni akaniambia: "Mwalimu, huyu mmoja macho yake yameingia ndani." Nikamjibu: "Amelala tu huyo, nenda kafanye zoezi." Mjusi asiye na kope, mimi mwalimu wa baiolojia, eti amelala!

Simba alikufa siku nne baadaye.

Yanga ndio inaniuma zaidi, kwa sababu huyo nilijitahidi. Nikaamua nimtafutie wadudu wengi. Nikaenda chini ya mikorosho jirani na shule, nikaokota vidudu vidogo vilivyokuwa vinatambaa polepole, nikafurahi mawindo rahisi. Mtu wa Nachingwea anayesoma hapa ameshaelewa. Julai na Agosti kwetu ni msimu wa kupulizia mikorosho, salfa ya ubwiriunga na dawa za maji za kuua wadudu. Vile vidudu vilikuwa vinatambaa polepole kwa sababu vilikuwa vinakufa. Jioni Yanga alianza kutetemeka, akajikunja, asubuhi hayupo. Siwezi kuapa kuwa ni dawa iliyomuua, lakini sina maelezo mengine.

Darasani wakaniuliza. Nikasimama mbele ya wanafunzi arobaini na kitu na chaki mkononi nikasema: "Walikufa ghafla." Yule binti aliniangalia tu. Hakusema kitu. Mpaka narudi chuo hakunyoosha mkono tena.

Kwa hiyo lile neno nalifahamu vizuri, nimelitumia mwenyewe kujifichia.

Tangu Jumanne nimegombana na nusu ya hosteli. Hoja zao nazijua kwa moyo sasa.

Ya kwanza, "mjusi tu." Unalilia mjusi watu wana sapu! Sawa. Lakini hakuna aliyekulazimisha kumfuga. Alikuwa ukutani anakula mbu wako bure, hakuomba chupa wala jina. Bibi yangu hakumpenda mjusi hata kidogo, alikuwa anafunika mtungi wake vizuri wasidondokee maji, lakini aliwaacha karibu na taa wafanye kazi yao. Ukimtoa pale ukamfungia, njaa yake, kiu yake na joto lake vyote vinakuwa juu yako. Huwezi kuchukua mamlaka yote halafu ukaacha wajibu wote.

Ya pili ni ya imani. Mshkaji mmoja alinikumbusha kisa cha mjusi kuupulizia moto wa Nabii Ibrahim, kwamba ndio maana akaitwa kafiri na akaamriwa kuuawa. Sibishani na dini ya mtu. Ila waliosoma wananiambia kuna hadithi inayosifu kuua kwa pigo la kwanza. Pigo moja. Wiki tatu za kiu ndani ya chupa ya siagi ya karanga zimetoka kwenye kitabu gani?

Ya tatu inatoka kwa walimu wenzangu, na hii ndiyo inanikera kuliko zote: "wanafunzi wanajifunza vizuri wakiona kitu hai." Kweli kabisa! Basi wajifunze kukiangalia kikiwa hai. Wapangieni zamu, wampime kwa ile mizani ya maabara inayosoma sehemu ya gramu, maana mtoto huyo hafiki hata gramu moja na mizani ya dukani haimwoni. Waandike kila siku kala nini, kinyesi kikoje, mkia ukoje. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi tunaoimba kwenye semina. Kama huwezi hayo, waonyesheni mjusi pale pale ukutani, dakika tano, halafu mwachieni. Mimi nilikuwa na mwanasayansi halisi dawati la nyuma, nikamfukuza kwa sababu nilikuwa na zana halisi mezani.

Halafu jana imekuja mpya. Kuna jamaa kasema, kama wa ukutani wanakufa twende Kimboza tukachukue wale wa bluu, hao wana soko. Aisee!

Kwa ambao hamjafika, Kimboza ni msitu mdogo huku Morogoro Vijijini, chini ya milima ya Uluguru, ukubwa wake ni kama kilomita 4 za mraba tu. Humo na kwenye vipande vichache vya jirani ndimo anamoishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la bluu ya kung'aa, jike lina ukijani na kahawia. Duniani kote hayupo porini mahali pengine. Anakaa kwenye miti jamii ya mkadi, yenye majani marefu ya miiba kama ya nanasi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1952, akakaa kwa amani, mpaka miaka ya 2000 wafugaji wa Ulaya na Marekani wakampenda. Utafiti uliochapishwa 2012 ulikadiria kwamba kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa mijusi isiyopungua 32,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Kikundi kimoja! Na kumpata walikuwa wanakata mti mzima, kwa hiyo hata aliyebaki hakubakiwa na nyumba. Amewekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Serikali yetu nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016.

Sasa wewe umeshindwa kumweka hai mjusi wa choo cha hosteli, anayeishi popote na kula chochote kinachoruka, unataka ukamtoe huyo msituni umlete kwenye dirisha la saa nane mchana? Wa bluu naye ana dalili zile zile, macho, mkia, vidole, na huyo ni mdogo zaidi na anavurugika haraka zaidi. Kimboza mwacheni. Hata picha mpigeni kwa mbali.

Kama tayari unaye mtoto wa ukutani na unang'ang'ania, basi angalau fanya hivi. Toa chupa, tafuta boksi lenye wavu upande mmoja, liweke kivulini, upande mmoja uwe na joto kuliko mwingine achague mwenyewe. Mwekee kipande cha trei ya mayai ajifiche. Nyunyizia maji majani na kuta jioni, na weka kitambaa chenye unyevu kwenye kona kwa ajili ya ngozi. Mdudu asizidi upana wa kichwa chake, wawili watatu wadogo kwa siku, na usitoe chumba kilichopuliziwa dawa (mkorosho umeshausikia). Mende aliyebaki usiku mtoe, anaweza kumng'ata mjusi. Wakiwa wawili na mmoja anakua mwingine hakui, watenganishe. Usimshike mkia, ataukata akuachie, na utakaoota sio ule wa mwanzo. Na nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, mijusi hubeba salmonela, usimweke karibu na sufuria wala mtoto mdogo.

Ukiona dalili, mtenge, mpe joto la wastani na unyevu, usimlazimishe chakula. Ngozi iliyokwama usiivute ikiwa kavu, mlaze kwenye kitambaa chenye maji ya uvuguvugu nusu saa, halafu isugue kwa kijiti chenye pamba. Usimpe vidonge vyako! Nimesikia mtu anataka kusaga doksi ampe mjusi wa nusu gramu, atapimaje hiyo dozi? Bwana mifugo wa kule kwetu anajua ng'ombe, mbuzi na kuku, mjusi atakushangaa. Sisi wa Morogoro tuna hospitali ya wanyama ya SUA, mtu anaweza kwenda kuuliza, wakicheka wacheke.

Yule wa tatu, aliyebaki hai kwenye ile chupa, nilimchukua. Mshkaji alilalamika eti ni wake, nikamwambia aje na ushahidi. Siku ya kwanza alikuwa kalala tu ubavuni, ngozi imekunjamana, nikajua na huyu anaondoka. Jana usiku saa tano nimenyunyizia jani la mwembe, nikazima taa kubwa, nikamwona analamba. Kalamba kwa muda mrefu, mpaka nikachoka kusimama. Leo amekula nondo mmoja mdogo. Mkia bado mwembamba. Akila siku tatu mfululizo na macho yakijaa, Jumapili usiku nampeleka ukutani karibu na taa ya korido ya hosteli, alikotoka. Pasi bado sijaazima, kama kuna mwenye nayo block yetu anitumie ujumbe, kesho nina prezentesheni.